Kutoka Fomu Hadi Leja: Jinsi Kompyuta Inavyogawa Taarifa Zilizojazwa

Chama cha msingi kinapoacha kitabu cha mapokezi cha karatasi na kuanza kupokea mazao kwa fomu ya kompyuta, kazi ya karani haibadiliki sana machoni pa mwanachama. Mzigo huwekwa juu ya mizani, uzito husomwa kwa sauti, namba ya mwanachama huandikwa, na stakabadhi hutolewa. Lakini kati ya kidole cha karani na leja ya mwanachama imeingia safari mpya isiyoonekana kwa macho. Katika safari hiyo kilo zinaweza kupotea bila ya mtu yeyote kuziiba, namba inaweza kupungukiwa na tarakimu, na mtu asiyehusika anaweza kuandika mahali ambapo hakupewa kalamu.

Madhumuni ya makala hii ni kueleza hatua moja ya safari hiyo, nayo ni jinsi maandishi yaliyojazwa katika fomu yanavyogawiwa na kufikishwa, kila moja mahali pake, katika sehemu ya programu inayoyafanyia kazi. Mafundi huiita hatua hii ufungamanishaji wa data. Hatukusudii kumgeuza kila katibu kuwa fundi wa kompyuta. Tunakusudia kwamba katibu na mwanachama waweze kumwuliza fundi maswali yanayostahili kabla ya kuupokea mfumo wake, kama vile wanavyodai mizani ikaguliwe kabla ya msimu kufunguliwa.

1. FOMU INATUMA NINI

Tuchukue mfano wa fomu fupi ya kupokea kahawa. Fomu hiyo ina nafasi nne, yaani namba ya mwanachama, zao, kilo na tarehe. Kila nafasi ina majina mawili. La kwanza ni lile linaloonekana kwenye kioo ili karani alisome, kwa mfano "Uzito kwa Kilo". La pili ni jina la ndani, ambalo mtayarishaji wa programu amelitunga na karani halioni, kwa mfano "kilo". Karani anapobonyeza kitufe cha kutuma, jina la kwanza hubaki pale pale kwenye kioo. Jina la ndani ndilo linalosafiri, likiwa limebeba thamani yake. Kinachofika kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza hesabu za chama, ni mstari mmoja wa maandishi kama huu:

namba=0147&zao=kahawa&kilo=62.5&tarehe=2025-08-05

Alama ya sawasawa hutenga jina na thamani yake, na alama ya & hutenga jozi moja na nyingine. Alama ambazo zingeweza kuvuruga mpango huo hugeuzwa kwanza: nafasi tupu kati ya maneno huwa alama ya kujumlisha, na jina la kijiji kama Mang'ola husafiri likiwa Mang%27ola, kisha hurudishiwa umbo lake linapofika. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa fomu, nao uliingizwa katika kanuni za lugha ya HTML, toleo la 2.0, zilizotolewa Novemba 1995.

Msomaji aangalie mambo mawili katika mstari ule. Kwanza, kila kitu ni maandishi matupu. Hakuna kinachoonyesha kwamba 62.5 ni kipimo cha uzito, wala kwamba 0147 ni namba ya mtu na siyo kiasi cha fedha. Pili, hakuna kinachothibitisha kwamba mstari umetoka kwenye fomu ya chama. Mtu yeyote mwenye ujuzi kidogo anaweza kuuandika kwa mkono wake na kuutuma bila ya kuifungua fomu yenyewe. Jambo hili la pili tutalirudia, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa zaidi.

Tena, si kila kilichomo katika fomu hutumwa. Nafasi ambayo haikupewa jina la ndani haitumwi hata ikijazwa. Nafasi iliyozimwa kabisa kwenye kioo nayo haitumwi. Na kisanduku cha kutia alama ya ndiyo, kama vile "Kahawa imekauka vya kutosha", kisipotiwa alama hakitumi neno "hapana", hakitumi chochote. Seva haiwezi kujua kama karani alikataa au kama kisanduku hakikuwamo katika fomu. Ndiyo sababu baadhi ya viunzi vya programu, kama vile Rails na ASP.NET, huambatanisha na kisanduku hicho nafasi iliyofichwa yenye jina lile lile na thamani ya kukana, ili kimya cha karani kiweze kusomeka.

2. NANI ANAGAWA

Katika siku za mwanzo za tovuti mtayarishaji wa programu aligawa mwenyewe. Utaratibu wa CGI, uliobuniwa mwaka 1993 katika kituo cha NCSA kilichoko jimbo la Illinois, Marekani, uliikabidhi programu mstari mzima kama ulivyofika. Mtayarishaji alilazimika kuukata kwenye kila alama ya &, kisha kwenye kila alama ya sawasawa, kisha kutafuta jina alilolihitaji na kuigeuza thamani yake kuwa namba au tarehe. Kazi hiyo ilirudiwa katika kila fomu, na kila aliyeirudia alikuwa na njia yake ya kukosea.

Kisha vikaja viunzi vya programu. Kiunzi ni programu iliyokwisha kujengwa mifupa yake, na mtayarishaji huongeza yale yanayohusu kazi yake tu. Viunzi vingi vya tovuti hufuata mgawanyo wa kazi uliobuniwa mwaka 1979 na Mnorwei Trygve Reenskaug alipokuwa katika maabara ya Xerox PARC, California. Mgawanyo huo una sehemu tatu. Modeli hutunza kumbukumbu na kanuni za kazi, mfano wa leja pamoja na masharti ya chama. Mwonekano ni kile anachokiona mtu kwenye kioo. Kontrola hupokea maombi kutoka nje na kuamua yafanyiwe nini, mfano wa karani anayekaa dirishani.

Ndani ya kontrola mna metodi, yaani maagizo ya kazi moja moja: moja ya kupokea mzigo, nyingine ya kubadili anwani ya mwanachama, nyingine ya kuonyesha salio. Kila metodi hutangaza vitu inavyovihitaji ili ifanye kazi, navyo huitwa parameta. Metodi ya kupokea mzigo katika mfano wetu ingetangazwa hivi:

pokea(namba, zao, kilo, tarehe)

Sasa tazama pande mbili. Upande mmoja kuna mstari wa maandishi uliotoka nje. Upande wa pili kuna metodi inayosubiri vitu vinne, kila kimoja cha aina yake. Kati yao amesimama mfungamanishaji, ambaye ni sehemu ya kiunzi. Struts kwa lugha ya Java mwaka 2000, Rails mwaka 2004, Spring katika miaka hiyo hiyo, na ASP.NET MVC mwaka 2009 vilimpa mtayarishaji msaidizi huyo, kila kimoja kwa namna yake. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa programu imekuwa fupi na makosa mengi ya kukatakata mistari yametoweka. Lakini msaidizi anayefanya kazi bila ya kuonekana hana budi kujulikana tabia zake.

3. KULINGANISHA MAJINA

Kanuni ya kwanza ya mfungamanishaji ni kulinganisha majina. Akiona parameta inaitwa "kilo", huitafuta jozi yenye jina "kilo" katika yale yaliyofika. Haulizi maana ya jina, wala haangalii mpangilio wa nafasi kwenye fomu. Kwake "kilo" na "kilogramu" ni vitu viwili visivyohusiana. Katika Spring hata "Kilo" kwa herufi kubwa si "kilo", katika ASP.NET tofauti ya herufi kubwa na ndogo haihesabiwi.

Hapo ndipo penye upotevu wa kimyakimya. Tuseme mtayarishaji anairekebisha fomu katikati ya msimu na kulibadili jina la ndani kutoka "kilo" kuwa "uzito", lakini anasahau kuibadili metodi. Kwenye kioo hakuna kilichobadilika. Karani anajaza 62.5 kama kawaida. Mfungamanishaji anatafuta "kilo" na haipati. Katika ASP.NET, kama kilo zimetangazwa kuwa namba ya kawaida isiyoruhusiwa kuwa tupu, na kama hakuna sharti lililowekwa kwamba lazima zifike, metodi itaendelea ikiwa na kilo 0. Mzigo utaandikwa kuwa umepokelewa, tarehe itakuwa sahihi, mwanachama atakuwa yule yule, na uzito utakuwa sifuri. Mwanachama asipoisoma stakabadhi yake pale pale mizanini, kosa litagunduliwa siku ya malipo.

Tatizo hili lina sura nyingine katika Java. Programu ya Java inapotafsiriwa ili mashine iitekeleze, majina ya parameta za metodi huachwa nje, isipokuwa mtayarishaji akiagiza yahifadhiwe; amri rasmi ya kuyahifadhi ilikuja na Java 8 mwaka 2014. Tangu toleo la 6.1 la mwaka 2023, Spring inategemea amri hiyo, au jina lililoandikwa waziwazi kando ya parameta. Kwa hiyo mfumo uliokuwa ukifanya kazi vizuri unaweza kukataa fomu zote mara tu baada ya kiunzi chake kupandishwa toleo, ingawa hakuna aliyeigusa fomu. Afadhali hata hivyo kukataliwa kwa kelele kuliko kupokewa kwa sifuri.

Ipo hali ya tatu ya kutofautisha. Jina linaweza kukosekana kabisa. Linaweza kufika likiwa na thamani tupu. Na linaweza kufika likiwa na sifuri. Katika leja haya ni mambo matatu tofauti. La kwanza ni kwamba swali halikuulizwa. La pili ni kwamba liliulizwa na halikujibiwa. La tatu ni kwamba lilijibiwa, na jibu ni "hakuna". Mfumo unaoyachanganya yote matatu katika sifuri moja humnyima mkaguzi wa hesabu njia ya kujua kilichotokea.

4. KUGEUZA MAANDISHI KUWA NAMBA NA TAREHE

Jina likipatikana, kazi ya pili ni kuigeuza thamani. Maandishi "62.5" ni alama nne tu hadi yageuzwe kuwa kiasi kinachoweza kujumlishwa. Hapa kuna mitego mitatu ambayo kila chama kinapaswa kuifahamu.

Mtego wa kwanza ni namba ya mwanachama. Namba 0147 ikitangazwa katika metodi kuwa ni hesabu, sifuri ya mbele hudondoka na kubaki 147. Ikiwa leja inamtambua mwanachama kwa maandishi "0147", mzigo hautampata mwenyewe. Namba za simu zinazoanza na sifuri hupatwa na mkasa huo huo. Kanuni njema ni hii: kitu ambacho chama hakikijumlishi wala hakikitoi kisihesabiwe kuwa hesabu, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu tupu. Namba ya uanachama, ya simu na ya akaunti zipokewe zikiwa maandishi.

Mtego wa pili ni nukta na mkato. Nchi nyingine huandika sitini na mbili na nusu kuwa 62.5, nyingine huandika 62,5. Katika ASP.NET, seva iliyowekwa kufuata desturi ya Kiingereza huuhesabu mkato kuwa alama ya kutenga maelfu na kuupuuza. Karani akiandika 62,5 katika nafasi ya maandishi ya kawaida, kinachofika kwenye metodi ni 625. Uzito umezidishwa mara kumi, na hakuna onyo lililotolewa, kwa sababu kwa mashine hakuna kilichokosewa. Seva iliyowekwa kufuata desturi ya Kijerumani huweza kufanya kosa hilo hilo kwa upande wa pili, ikasoma 62.5 kuwa 625. Kinga ni kuitumia nafasi iliyotangazwa katika fomu kuwa ni ya namba, kwa kuwa kivinjari huituma kwa nukta daima, na kuilazimisha seva isome kwa kanuni hiyo hiyo.

Mtego wa tatu ni tarehe. Maandishi 05/08/2025 kwetu ni tarehe 5 Agosti. Kwa seva iliyowekwa kufuata desturi ya Marekani ni tarehe 8 Mei. Tarehe zote mbili zipo katika kalenda, kwa hiyo mashine haitashtuka. Zinazokataliwa ni zile za kuanzia tarehe 13 tu, maana hakuna mwezi wa 13. Matokeo yake ni kwamba mfumo hukosea siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi, isipokuwa ile ambayo namba ya siku na ya mwezi zimelingana, na hupiga kelele siku zilizobaki. Nafasi ya tarehe iliyotangazwa hivyo katika fomu huondoa utata huo, kwa sababu hutuma mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kama ilivyo katika mstari wetu wa mfano.

Itakuwaje thamani ikikataa kugeuka, kwa mfano karani akiandika "sitini" mahali pa kilo? Viunzi hutofautiana. Vingine huirudisha fomu nzima pamoja na jibu namba 400, ambalo maana yake ni kwamba ombi lina kasoro. Vingine huliandika kosa katika orodha ya makosa na kuiacha metodi iendelee. Kontrola za kawaida za ASP.NET MVC hufanya hivyo: kosa huandikwa, thamani hubaki sifuri, na ni wajibu wa metodi kuisoma orodha kabla ya kugusa leja. Spring nayo hukataa, lakini mtayarishaji akiwa ametangaza mahali pa kupokelea makosa, basi huachiwa yeye ayashughulikie. Mtayarishaji asiyeifungua orodha hiyo ni sawa na karani anayepewa barua ya malalamiko akaiweka chini ya meza bila ya kuisoma.

Tuongeze kwamba kugeuka vizuri si ushahidi wa ukweli. Kilo 62000 ni namba halali kabisa kwa mfungamanishaji, ijapokuwa hakuna mzani wa chama cha msingi ungeibeba kwa mzigo mmoja. Kupima kama thamani inaingia akilini ni hatua nyingine inayofuata, na masharti yake hayana budi kutoka kwa chama chenyewe, kwani fundi hajui mizani yenu inabeba kiasi gani.

5. MIZIGO ZAIDI YA MMOJA

Mkulima akileta magunia matatu, fomu hutuma kilo mara tatu. Ikiwa nafasi zote tatu zina jina moja, lugha ya PHP hulichukua la mwisho peke yake, isipokuwa jina limemaliziwa kwa mabano ya mraba kuonyesha kwamba ni orodha. Gunia la kwanza na la pili hupotea bila ya ujumbe wowote.

Katika ASP.NET magunia hupewa namba za mpangilio zinazoanza na sifuri: mizigo[0].kilo, mizigo[1].kilo, mizigo[2].kilo. Mfungamanishaji huhesabu mfululizo na husimama pale anapokuta pengo. Karani akilifuta gunia la katikati kwenye kioo kwa sababu lilirudishwa, na fomu isizipange upya namba zilizobaki, mfungamanishaji atalipokea la sifuri, atalikosa la moja, na hatalitafuta la mbili. Mkulima aliyebakiwa na magunia mawili ataandikiwa moja. Ipo njia ya kumwelekeza mfungamanishaji aruke pengo, nayo ni kuitaja orodha ya namba katika nafasi iliyofichwa. Lakini fundi asiyeijua tabia hii hatakuwa na sababu ya kuitumia.

6. NAFASI AMBAYO HAIKUOMBWA

Hadi sasa tumezungumza juu ya vitu vinavyopotea. Sasa tutazame vitu vinavyoingia bila ya kualikwa.

Metodi inaweza kutangaza parameta moja moja, kama tulivyoona. Inaweza pia kutangaza kitu kizima, kwa mfano "mwanachama", na mfungamanishaji akajaza kila sehemu ya kitu hicho ambayo jina lake amelikuta katika mstari. Hii ni rahisi mno kwa mtayarishaji. Lakini tuseme kumbukumbu ya mwanachama ina jina, simu, akaunti ya malipo, hisa na deni, na fomu ya kubadili simu inaonyesha nafasi moja tu, ya simu. Mtu anayetuma mstari wa mkono mwenye jozi ya simu na kuongeza deni=0 atakuwa ameandika mahali pawili. Mfungamanishaji anaona kwamba kitu kina sehemu iitwayo "deni", anaona kwamba thamani imefika, anaijaza. Hajui kwamba nafasi hiyo haikuwamo katika fomu. Metodi nayo huihifadhi kumbukumbu nzima, na deni la pembejeo limefutwa kwa kalamu ya mdaiwa mwenyewe.

Jambo hili limekwisha kutokea duniani, na kwa watu wenye ujuzi. Mwezi Machi 2012 kijana wa Urusi, Egor Homakov, alionyesha udhaifu wa namna hii katika GitHub, ghala kubwa la programu lililojengwa kwa Rails. Katika fomu ya kubadili ufunguo wa utambulisho aliongeza nafasi ya namba ya mtumiaji, akaandika namba isiyo yake, na mfumo ukausajili ufunguo wake kwa jina la mwingine. Kwa njia hiyo aliweza kuandika katika hazina ya programu ya Rails yenyewe. GitHub waliuziba udhaifu huo siku hiyo hiyo, na toleo la Rails 4 la mwaka 2013 lilifanya kuwa kanuni kwamba kontrola itaje majina inayoyaruhusu, na mengine yote yaachwe nje.

Kabla yake PHP ilikuwa na desturi pana zaidi, ambayo ilikigeuza kila kilichofika kutoka nje kuwa kigezo ndani ya programu. Mtayarishaji aliyesahau kukipa kigezo thamani ya kuanzia alimwachia mgeni aipange. Desturi hiyo ilizimwa katika mipango ya kawaida kuanzia toleo la 4.2 la mwaka 2002, ikaondolewa kabisa katika toleo la 5.4 la mwaka 2012.

Mwishoni mwa Machi 2022 likatangazwa tukio zito zaidi katika Spring. Mfungamanishaji wake anaweza kufuata majina yaliyounganishwa kwa nukta, kama "mwanachama.anwani.kijiji", akiingia ndani hatua kwa hatua. Katika Java kila kitu kina njia ya kueleza aina yake, na kutoka kwenye aina mtu angeweza kufikia kipakizi, yaani sehemu inayoingiza programu kwenye kumbukumbu ya mashine. Njia ya moja kwa moja ilikuwa imezibwa mwaka 2010. Java 9 ya mwaka 2017 ikaongeza hatua mpya kati ya aina na kipakizi, na hatua hiyo ikawa ujia wa kuuzunguka ukuta. Kwa majina marefu yaliyoandikwa katika fomu, mshambuliaji aliweza kubadili mipango ya seva ya Tomcat na kuifanya iandike faili lenye amri zake. Udhaifu huo uliitwa Spring4Shell, na matoleo ya kuuziba yalitolewa mara moja.

Matukio hayo yote yana asili moja. Programu ilimruhusu mtumaji aamue ni nafasi zipi zitajazwa, ilhali uamuzi huo ni wa mpokeaji.

7. DAWA YAKE

Dawa inayotegemewa ni kutenganisha fomu na leja ndani ya programu yenyewe. Metodi ya kubadili simu isipokee "mwanachama" mzima. Ipokee kitu kidogo chenye sehemu moja tu, simu. Mgeni akituma deni, hisa na akaunti, mfungamanishaji hatapata pa kuviweka, na vitadondoka. Kisha metodi ndiyo itakayoifungua kumbukumbu ya mwanachama na kubadili sehemu ile moja. Bei ya kilo isipokewe kutoka kwenye fomu hata siku moja, bali isomwe katika jedwali la bei lililoidhinishwa. Jina la karani lisipokewe kwenye fomu, bali litokane na hati aliyoingia nayo kazini. Viunzi vingi vinasaidia: Django, tangu toleo la 1.8 la mwaka 2015, inamlazimisha mtayarishaji anayejenga fomu kutokana na kumbukumbu ataje sehemu anazozikubali au anazozikataa. Kutaja zinazokubaliwa ni salama zaidi, kwa sababu sehemu mpya ikiongezwa katika leja mwakani itabaki imefungwa hadi mtu aifungue kwa makusudi.

8. YA KUFANYA KABLA YA KUUPOKEA MFUMO

Tunashauri bodi za vyama ziwatake mafundi wajibu maswali haya kwa maandishi:

(a) Je, fomu ikifika bila ya kilo, mfumo unakataa au unaandika sifuri?
(b) Je, namba ya mwanachama, ya simu na ya akaunti zinatunzwa zikiwa maandishi?
(c) Je, seva inasoma nukta, mkato na tarehe kwa desturi gani, na desturi hiyo imewekwa wapi?
(d) Je, kosa la kugeuza thamani linaonyeshwa kwa karani kabla ya stakabadhi kutolewa?
(e) Je, kila metodi inapokea nafasi zilizotajwa tu, au inapokea kumbukumbu nzima?
(f) Je, ni nani anayepitia majina ya ndani kila fomu inapobadilishwa?

Baada ya majibu yafuate majaribio, na haya katibu anaweza kuyafanya mwenyewe mbele ya bodi. Ajaze namba inayoanza na sifuri. Ajaze kilo zenye nusu, mara moja kwa nukta na mara moja kwa mkato. Ajaze tarehe iliyo chini ya 13. Aandike magunia matatu na kulifuta la katikati. Aache nafasi ya kilo tupu. Kwa kila jaribio alinganishe vitu vitatu, yaani alichokiandika, kilichochapwa katika stakabadhi, na kilichoingia katika leja. Jaribio la kuongeza nafasi isiyoombwa alifanye fundi, bodi ikitazama, kwa kutuma mstari wa mkono wenye jozi ya deni.

Matokeo yaandikwe katika muhtasari wa kikao pamoja na toleo la mfumo lililojaribiwa, na majaribio yarudiwe kila fundi anapoleta toleo jipya, hata akisema kwamba mabadiliko ni madogo. Mwanachama naye ana sehemu yake: asiondoke mizanini kabla ya kuisoma stakabadhi, akaona namba yake, kilo zake na tarehe ya siku hiyo.